Vicks na dawa nyingine za kuchua kifua: maswali yanayoulizwa sana, hasa na wenye watoto

Hii dawa ya kuchua, yale mafuta mazito yenye harufu kali ambayo wengi wanayaita Vicks hata kama kopo limeandikwa jina lingine, watu wameizoea mpaka wameacha kabisa kusoma maandishi ya nyuma. Inapakwa nyayoni, kwenye kucha, puani, tumboni, hadi sehemu za siri. Kuna matumizi ambayo hayana shida, kuna yasiyosaidia kitu, na kuna yanayoweza kumlaza mtoto hospitali usiku huo huo. Maswali ya watoto nimeyapa nafasi kubwa kuliko mengine manake huko ndo kwenye hatari yenyewe.

Kwani ndani ya hilo kopo kuna nini?

Vicks VapoRub inayouzwa Marekani ina vitu vitatu vinavyofanya kazi: kafuri asilimia 4.8, mentoli asilimia 2.6 na mafuta ya mkaratusi asilimia 1.2. Kuna na vingine vya kusindikiza kama mafuta ya tapentaini, ya kungumanga na thaimoli, halafu sehemu kubwa iliyobaki ni jeli ya petroli, ile ile ya kupaka ngozi kavu.

Sasa hivyo viwango sio vya kila kopo. Tiger Balm nyekundu inayouzwa huko huko Marekani ina kafuri asilimia 11, ambayo ndo kikomo kinachoruhusiwa na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo kwa dawa za kupaka, yaani ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Vicks, na nchi nyingine unakuta zipo kali kuliko hapo. Kwahiyo mtu akikwambia "mimi natumia kila siku sijawahi kudhurika" muulize kwanza anatumia ipi na anapaka wapi. Ukitaka kukumbuka kitu kimoja tu hapa, kumbuka kafuri. Ndo yenye sumu.

Inazibua pua kweli au ni hisia tu?

Hisia, lakini hisia yenye maelezo yake. Kwenye ngozi na ndani ya pua kuna mishipa ya fahamu yenye vipokezi vya baridi, na mentoli inaviamsha vipokezi hivyo bila joto lenyewe kushuka hata kidogo (wanasayansi walikitambua kipokezi chenyewe mwaka 2002, kinaitwa TRPM8). Ubongo ukipata taarifa ya ubaridi puani unaona kama hewa nyingi inapita. Ila watu wakipimwa kwa vifaa vya kupima hewa inayopita puani kabla na baada ya kuvuta mentoli, njia ya hewa haijapanuka, uvimbe uko pale pale na kamasi ziko pale pale.

Hiyo haina maana kwamba ni uongo au haifai. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa Marekani wa watoto 138 wa miaka 2 mpaka 11 wenye mafua na kikohozi cha usiku, wengine wakapakwa dawa ya kuchua, wengine jeli tupu ya petroli, wengine hawakupakwa kitu, na wazazi wa waliopakwa dawa ya kuchua ndo waliosema mtoto kalala vizuri zaidi, na wao wenyewe wakalala. Lakini karibu nusu ya watoto hao walipata muwasho wa aina fulani, ngozi kuchoma au kuwa nyekundu, macho kuwasha, pua kuwasha. Na tuwe wakweli, harufu ile haifichiki, mzazi anajua mtoto kapakwa nini, kwahiyo hata hayo majibu yapokee ukijua hilo.

Usingizi ukipatikana ni kitu kikubwa kwa mgonjwa, sidharau. Ninachokataa ni mtu kukaa na mtoto anayehema kwa shida siku tatu anampaka tu akiamini inatibu.

Mtoto wangu hajafikisha miaka miwili, naweza kumpaka kidogo tu?

Hapana. Hata kidogo, hata mgongoni, hata kwa kuchanganya na mafuta yake. Kopo lenyewe la VapoRub limeandikwa si kwa chini ya miaka 2.

Sababu ya kwanza ni ukubwa wa njia ya hewa. Pua na koo la mtoto mchanga ni vyembamba mno na miezi ya mwanzo anategemea pua zaidi kuliko mdomo kupumulia. Kwenye mrija, upana ukipungua nusu ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara mbili, unaongezeka kama mara 16, sasa kamasi kidogo ambayo wewe mtu mzima hata huisikii kwake ni kazi nzito. Mwaka 2009 madaktari wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, North Carolina huko Marekani, waliandika kuhusu mtoto wa kike wa miezi 18 aliyepakwa dawa hii chini ya pua akaanza kupumua kwa shida sana mpaka akapelekwa hospitali. Wakaijaribu kwa fereti, wanyama wadogo ambao njia zao za hewa zinafanana na za binadamu, wakakuta inaongeza utoaji wa kamasi. Ni mtoto mmoja na utafiti wa wanyama, siwezi kukwambia kila mtoto atapatwa na hayo, ila ukijumlisha na faida yenyewe ambayo ni harufu tu, hamna sababu ya kujaribu bahati.

Sababu ya pili ni ngozi yao. Ni nyembamba na inanyonya haraka, na kafuri inapita kwenye ngozi ikaingia kwenye damu. Kuna watoto waliopata degedege kwa kupakwa tu, bila kulamba.

Kwa mtoto mdogo mwenye mafua tumia matone ya maji ya chumvi ya dukani ya puani, halafu mvute kamasi kwa kile kibomba cha mpira, mnyonyeshe mara kwa mara, na kama mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi au anashindwa kunyonya nenda naye hospitali, hiyo haisubiri asubuhi.

Lakini kuna ile ya watoto, nayo ni mbaya?

Ile ni kitu tofauti. VapoRub na BabyRub ni majina mawili yanayokaa rafu moja na watu wanayachanganya. BabyRub haina kafuri wala mentoli, ina jeli ya petroli na manukato ya mkaratusi, rosemari na lavenda, na imeandikwa ni kuanzia miezi 3. Ni mafuta ya kumkandia mtoto, usitegemee makubwa. Ukinunua soma jina zima mpaka mwisho, usiangalie rangi ya kopo.

Mimi ni mtu mzima, napaka kidogo ndani ya pua, kuna ubaya gani?

Upo, ila huu unakuja taratibu. Ukipaka ndani ya pua kila usiku, ile jeli inalainika kwa joto la mwili, inateleza nyuma ya koo na kidogo kidogo inaingia kwenye mapafu ukiwa umelala, na mafuta ya petroli mapafu hayawezi kuyayeyusha wala kuyatoa kama yanavyotoa makohozi. Yakikaa miezi na miaka yanaleta nimonia ya mafuta, mtu anakohoa na kuishiwa pumzi, anapewa antibaiotiki hazisaidii, na kama hajamwambia daktari kuhusu hiyo tabia ya usiku inachukua muda kujulikana ni nini.

Pia ngozi ya ndani ya pua ni laini, inanyonya kafuri haraka kuliko ya kifua. Na tukishafika hapo, usiweke mdomoni, usipake kwenye lipsi, usiimeze kwa ajili ya kikohozi hata ncha ya kidole. Wapo wanaoiweka kwenye chai ya moto wakanywa, wanasema bibi alikuwa anafanya na alikaa miaka 90. Mimi nasema acheni.

Kupaka nyayo na kuvaa soksi usiku kunaponya kikohozi?

Hakuna utafiti wa maana unaoonyesha hivyo na hakuna njia inayoeleweka ya nyayo kutuliza kikohozi. Dawa hii kama inasaidia inasaidia kwa mvuke wake kufika puani, sasa ukiufungia ndani ya soksi chini ya blanketi umeupeleka mbali na pua. Watu wengi wanaotoa ushuhuda nadhani kikohozi chao kilikuwa kinaisha chenyewe, manake kikohozi cha mafua huwa kinaisha.

Kwa mtu mzima haina madhara makubwa zaidi ya kuteleza sakafuni na shuka kuchafuka. Kwa mtoto mdogo ni hadithi nyingine kabisa, mtoto wa mwaka mmoja anavua soksi na kuingiza mguu mdomoni. Kwa kikohozi cha usiku cha mtoto aliyezidi mwaka mmoja kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala kina ushahidi mzuri zaidi kuliko nyayo. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku.

Mtoto amelamba, au nimemkuta na kopo mkononi na mdomo unanukia. Nifanye nini?

Hapa soma taratibu, na kama limekutokea sasa hivi piga simu kwanza halafu ndo usome.

Kafuri ikiingia tumboni inafanya kazi haraka kuliko sumu nyingi za nyumbani. Degedege inaweza kuanza ndani ya dakika 5 mpaka 20, na mara nyingine haitoi dalili yoyote kabla, mtoto alikuwa anacheza na ghafla anajikaza na kutetemeka. Wengine wanaanza na kuungua mdomo, kutapika, kuhangaika, kuwa mwekundu, kutetemeka mikono.

Kiasi gani ni hatari? Mwongozo wa vituo vya sumu vya Marekani, vile vinavyopokea simu za watu waliomeza sumu, unasema aliyemeza kafuri zaidi ya miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito apelekwe hospitali, na mwenye dalili apelekwe bila kujali kiasi. Tuifanye iwe ya kuonekana: mtoto wa kilo 10 anafikia miligramu 300. Kwa dawa ya asilimia 4.8 hiyo ni kama gramu 6, kijiko cha chai kimoja na kidogo. Kwa ile ya asilimia 11 ni chini ya gramu 3, yaani vidole viwili vilivyochota vizuri na kurudi mara moja tu. Na nani anajua mtoto amechota mara ngapi? Unaangalia kopo, unajaribu kukumbuka jana lilikuwa limefika wapi, hukumbuki. Ndo maana usijipimie mwenyewe, wapigie wahudumu wa sumu au wa dharura na uwaeleze uzito wa mtoto, jina la dawa, asilimia ya kafuri iliyoandikwa na muda uliopita.

Wakati unapiga simu mfute mdomo, mfute mikono, muoshe mahali ilipopakaa kwa sabuni na maji. Usimtapishe, hili nalisisitiza sana, usimwingize kidole kooni na usimpe maji ya chumvi, kwa sababu degedege ikimkuta katikati ya kutapika matapishi yanaingia kwenye mapafu. Usimpe maziwa wala mafuta ya kupikia kama dawa ya kukata sumu. Akianza degedege mlaze upande, usimkabe, usimwekee kijiko mdomoni, angalia saa. Na kopo nenda nalo hospitali, daktari ataisoma lebo yake haraka kuliko utakavyomweleza.

Kama alilamba kidogo tu kidoleni na ana hali nzuri mara nyingi inaishia hapo, lakini uamuzi huo mwachie anayepokea simu.

Naweza kuweka kwenye maji ya moto nijifukize? Au kuipasha kwenye maikrowevu ilainike?

Ile ya kopo hapana kwa yote mawili, maandishi ya ile inayouzwa Marekani yanakataza waziwazi isipashwe moto na isiwekwe kwenye maji ya moto. Kinachotokea ni hiki: mafuta na maji havichanganyiki, joto linajikusanya bila kuonekana likichemka, halafu ukikoroga au ukisogeza uso mchanganyiko unalipuka ghafla na kurukia usoni, mafuta ya moto yenye kafuri, mengine yanaingia machoni. Kuna watu waliumia kioo cha jicho hivyo.

Zipo bidhaa za maji zilizotengenezwa kwa mashine za mvuke, hizo ni tofauti na zina maelekezo yake. Ukitaka mvuke, oga maji ya moto mlango umefungwa, halafu ukishajifuta ndo upake dawa kifuani kama kawaida, inatosha.

Fangasi wa kucha je? Huku kila mtu anasema inafanya kazi.

Haya ndo matumizi ya ajabu yenye ushahidi kidogo, na nataka niyaeleze vizuri kwa sababu watu wanayatia chumvi. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti mdogo Marekani, watu 18 wenye fangasi wa kucha za miguu walipaka VapoRub kwa wiki 48. Watu 5 walipona kabisa, 10 walipata nafuu kiasi, 3 hawakubadilika. Thaimoli, mentoli na kafuri kwenye maabara zinazuia baadhi ya fangasi, kwahiyo sio muujiza.

Lakini angalia tena namba. Ni watu 18, hakukuwa na kundi la kulinganisha, na ni karibu mwaka mzima wa kupaka. Kucha ya dole gumba la mguu inachukua mwaka mpaka mwaka na nusu kuota yote upya, sasa anayekwambia "wiki mbili imepona" anakuuzia maneno. Kinachoonekana kama inasaidia ni hiki: pale chini kucha inapotokea kwenye ngozi unaona ukingo mwembamba safi wa rangi ya kawaida, na ile sehemu ya njano iliyovimba inasukumwa mbele polepole mpaka unaikata. Huo ukingo usipotokea baada ya miezi mitatu minne, nenda ukapimwe, manake kucha nyingi zinazoonekana za fangasi sio fangasi.

Mwenye kisukari asijitibu mguu hivi. Miguu yake inaweza isihisi kuungua, na kidonda kidogo kwake kinaweza kuwa kikubwa.

Mbu, chunusi, michirizi, kitambi?

Mbu: harufu inaweza kuwasumbua kwa muda mfupi, basi. Watu wanachanganya mkaratusi wa kawaida na dawa ya mbu inayotokana na mkaratusi wa limao, ambayo ina kitu kinaitwa PMD na imepimwa. Kama uko sehemu yenye malaria au dengi tumia dawa yenye DEET, ikaridini au PMD, pamoja na chandarua.

Chunusi: hapana, inawasha uso na iko karibu sana na macho. Michirizi na visigino vilivyopasuka: kinachokusaidia ni jeli ya petroli inayozuia ngozi kukauka, kwahiyo nunua jeli tupu, ni salama zaidi.

Kitambi, ile ya kupaka tumbo zima halafu unajizungushia plastiki ukafanya mazoezi: mafuta ya mwili hayatoki hivyo, unatoa jasho ambalo ni maji na unayarudisha ukinywa. Na plastiki inafanya ngozi inyonye kafuri nyingi zaidi na iungue zaidi. Tumbo ni eneo kubwa jamani.

Nimesikia inapakwa sehemu za siri kuongeza raha.

Najua swali linaulizwa kwa aibu kwahiyo nalijibu moja kwa moja. Usipake. Ngozi ya huko ni laini, inaungua, inavimba, na inanyonya haraka, na ukishapaka kuitoa ni shida kwa sababu ni mafuta, maji peke yake hayaiondoi. La pili, bidhaa yoyote yenye jeli ya petroli inadhoofisha mpira wa kondomu za lateksi, inaweza kupasuka bila wewe kujua. Kama umeshapaka na inachoma, futa kwanza kwa kitambaa laini kikavu, halafu osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, na malengelenge yakitokea nenda ukaonekane.

Kwa maumivu ya misuli na viungo inaruhusiwa?

Ndio, hii imeandikwa kabisa kwenye matumizi yake, mara tatu au nne kwa siku mwisho. Ubaridi unashindana na maumivu kwenye mishipa ya fahamu na unapata unafuu. Usifunge bandeji ya kubana juu yake na usiweke chupa ya maji ya moto wala pedi ya umeme. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu watu walioungua ngozi, wengine vibaya, kwa dawa za kuchua misuli, na nyingi zilikuwa zenye mentoli zaidi ya asilimia 3. Pasipakwe penye jeraha, mkwaruzo au ngozi iliyoungua.

Nina pumu, au mtoto ana kifafa.

Pumu: harufu kali inaweza kubana kifua badala ya kukilegeza, usiijaribu bila kuongea na anayekutibu. Kifafa, au mtoto aliyewahi kupata degedege: achana na kitu chochote chenye kafuri, hata harufu yake chumbani.

Mjamzito amuulize mkunga kwanza, kafuri inavuka kondo la nyuma. Anayenyonyesha asipake kifuani, mtoto analaza uso wake pale pale.

Imeniingia machoni.

Toa lenzi kama unavaa, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, usisugue. Kama bado inauma au unaona ukungu, nenda hospitali. Na uwe unanawa mikono kwa sabuni baada ya kupaka, mengi yanatokea hapo.

Paka na mbwa wakinusa inawadhuru?

Wakinusa kopo tu sio ishu, wakilamba ndo shida, na paka hasa, ini lake halichakati vizuri mafuta ya aina hii na ana tabia ya kujilamba manyoya. Usimpake mnyama kwa ajili ya viroboto au mafua. Ukishapaka kifuani vaa fulana kabla paka hajapanda kitandani.

Niiweke wapi, na ikikaa muda mrefu inaharibika?

Juu, kwenye kabati linalofungwa, sio kwenye meza ya kitanda ambapo ndo watoto wengi wanaikuta, na mfuniko ufungwe kila ukimaliza sio ukimaliza kuumwa. Mbali na mshumaa, sigara na jiko pia, manake shuka na nguo zilizolowa mafuta ya petroli kwa siku nyingi zinashika moto haraka na kufua kawaida hakuyatoi yote. Tarehe ya mwisho iko chini ya kopo au kwenye boksi. Ikishapita, mara nyingi kinachopungua ni harufu, inakuwa nyepesi na mtu anaongeza kipimo ili asikie ile baridi yake, afadhali uitupe ununue nyingine. Ukiitupa usiache kopo wazi juu ya jalala la ndani, likunje kwenye gazeti au mfuko, mtoto anafungua takataka kama anavyofungua droo.